Jinsi Tumbawe Lijengavyo Jiwe Lake

Nchi hii ya Malawi haina bahari, wala ziwani mwetu hamna miamba ya matumbawe, maana miamba hiyo haijengwi katika maji yasiyo na chumvi. Hata hivyo wako wasomaji wa gazeti hili ambao wao wenyewe au wazazi wao walipitia Dar es Salaam kabla ya kufika Dzaleka, na walioshuka hata pwani wameyaona mawe yale mepesi yenye matundu matundu. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na msikiti mkuu wa kale wa Kilwa zimejengwa kwa mawe ya namna hiyo, na hata chokaa iliyoyashikamanisha ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya magogo. Je, jiwe hilo latoka wapi? Mwanafunzi akiulizwa swali hili katika mtihani hujibu upesi, "Limetengenezwa na kimeng'enya." Jibu hilo ni kweli nusu tu, na mimi naona ile nusu iliyosahauliwa ndiyo yenye maana zaidi.

Kwanza tumjue mjenzi. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana, wenye mwili laini na kinywa kilichozungukwa na mikono midogo. Kila mmoja hukaa juu ya kikombe cha jiwe alichokijenga mwenyewe, naye huongeza tabaka jembamba chini yake siku kwa siku. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka; yale yenye matawi huweza kupita sentimita 10. Jiwe lenyewe ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika ganda la yai.

Basi hatuna haja ya kusafiri mpaka pwani. Yai lililonunuliwa Tsoka, au lililotagwa uani kwenu, latosha kabisa. Litie katika bilauri ya siki, uliache usiku kucha. Utaona mapovu yakipanda, na asubuhi ganda limekwisha, yai limebaki na ngozi yake laini tu. Sababu ni kwamba siki ni asidi, na asidi hutoa ayoni za haidrojeni. Ayoni 2 za haidrojeni huivunja kalsiamu kaboneti 1, na vitokavyo ni kalsiamu, maji, na hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo yale mapovu. Sasa isome hesabu hiyo kinyumenyume: kalsiamu, maji na kaboni dayoksaidi vyaungana kuwa jiwe, na ayoni 2 za asidi zabaki. Hiyo ndiyo kazi ya tumbawe. Nakuomba, msomaji, uzikumbuke sana ayoni hizo 2, maana tutazirudia.

Kalsiamu imejaa tele baharini. Kaboni dayoksaidi nayo, mnyama mwenyewe huitoa katika kupumua, na sehemu kubwa ya kaboni iliyomo katika jiwe hutoka humo mwilini mwake. Lakini hewa hiyo haigeuki jiwe kwa mara moja. Yapasa kwanza iungane na maji na kuwa bikaboneti, na hatua hiyo ni ya pole pole: ikiachwa yenyewe, zapita karibu sekunde 20 kabla nusu ya hewa haijageuka. Kwa mtu angojaye gari la kwenda Lilongwe sekunde 20 si kitu, lakini kwa hewa iliyomo katika seli ndogo ni nafasi ya kutosha kupenya utando na kupotelea baharini. Hapo ndipo huingia kimeng'enya kiitwacho anhidrasi ya kaboni. Ndani yake mna atomu 1 ya zinki ambayo huyaweka maji tayari. Kaboni dayoksaidi ikifika, huunganishwa na maji hayo, huachiliwa, na nyingine hushika nafasi yake. Aina zake zilizo za haraka huweza kugeuza hata molekuli 1,000,000 katika sekunde 1.

Kimeng'enya hiki hakikugunduliwa baharini bali katika damu, na Meldrum na Roughton wa Cambridge walitoa habari zake mwaka 1933. Kimo katika chembe nyekundu za damu yako wewe usomaye maneno haya. Kimo katika kuku atengenezapo ganda, kazi ya saa kama 20. Tena siku za joto kali kuku akihema sana hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi, na ganda lake huwa jembamba. Kimo hata ulimini, nacho hutusaidia kuisikia ile ladha kali ya soda. Wapandao milima mirefu hupewa dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo hukizuia kimeng'enya hiki, na wengine wao hulalamika kwamba soda haina ladha!

Katika tumbawe jambo hili lilijaribiwa na Thomas Goreau kule Jamaika. Aliweka matumbawe katika maji yenye kalsiamu ya mnururisho ili aipime iingiapo katika jiwe, na katika habari alizotoa mwaka 1959 alionyesha kwamba kimeng'enya kikizuiwa kwa dawa, ujenzi hupungua. Aliona pia kwamba tumbawe hujenga haraka zaidi kwenye mwanga kuliko gizani. Mwaka 2008 wataalamu wengine walieleza kwamba wamekiona kimeng'enya hicho katika tabaka lile lile la seli ligusalo jiwe, katika tumbawe liitwalo *Stylophora pistillata*, ambalo lapatikana katika Bahari ya Hindi pia.

Turudi sasa kwa zile ayoni 2. Anhidrasi ya kaboni huharakisha kazi tu, nayo huiharakisha pande zote mbili, kwenda na kurudi. Mapafuni mwako hufanya kinyume, huigeuza bikaboneti kuwa hewa upate kuitoa. Haiwezi kuisukuma hesabu upande usiotaka kwenda. Ayoni za haidrojeni zikirundikana chini ya mnyama, ujenzi husimama, kama vile ganda halijengeki ndani ya siki. Wa kuzitoa ni kimeng'enya kingine, kifanyacho kazi kama pampu: hutoa ayoni 2 za haidrojeni na kuingiza kalsiamu 1. Tazama jinsi hesabu ilivyolingana! Lakini pampu hii haifanyi kazi bure. Hutumia nguvu itokanayo na chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni sukari iliyotengenezwa kwa mwanga wa jua na mwani mdogo sana uishio ndani ya mwili wa mnyama.

Mtu aweza kuuliza: hewa ya dunia ilikuwa na kaboni dayoksaidi kiasi cha sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda, na sasa zimepita 420; je, tumbawe halifurahii? Hasha. Kaboni haikuwa imepungua. Hewa ile ikiyeyuka baharini huongeza ayoni za haidrojeni nje, na pampu hulazimika kuzisukuma za ndani kwenda mahali ambapo zimekwisha kuwa nyingi. Kazi ile ile sasa yataka chakula zaidi.

Na chakula chaweza kukatika. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na mwani ukatoka katika miili ya matumbawe. Toka pwani ya Kenya hata Mafia miamba ikawa meupe, na matumbawe mengi sana yakafa. Pale mwani uliporudi mapema, mnyama alipona, akaanza tena kujenga juu ya jiwe lake la zamani.