Mshipi Kwanza, Fimbo Baadaye

Kwako Mshauri,
Mimi ni mwalimu hapa Naro Moru. Tangu rafiki zangu wanifunze kuvua trauti kwa nzi wa bandia, sina usingizi. Wao wana vifaa vya bei, mimi huazima, na naona haya. Duka moja la Nairobi linauza seti kwa shilingi 85,000. Nina akiba ya 20,000, nikawaza kukopa sacco. Mke wangu anasema nikithubutu nitalala mtoni. Nifanyeje?
Mwalimu Mvuvi

Mwalimu, usikope. Hata mama watoto angekubali, ningekukataza, kwa sababu sehemu kubwa ya hizo 85,000 haitakuongezea samaki hata mmoja.

Kwa ndoana ya kawaida, unarusha chubwi na mshipi unafuata. Nzi wa bandia ni ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na uzi tu. Hana uzito wa kumfikisha popote. Hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene wa plastiki, naye nzi anaburutwa nyuma yake. Ndiyo maana mshipi mbovu huitia aibu fimbo ya bei ghali, na mshipi mzuri huifanya fimbo ya kawaida ipendeze mkononi. Theluthi nzima ya akiba yako iende hapo: mshipi unaoelea, ulio mzito upande wa mbele, namba 4 au 5. Namba hiyo ilingane na ile iliyoandikwa kwenye fimbo, karibu na mpini. Zikipishana, utarusha mpaka bega liume.

Fimbo nunua iliyotumika. Vijito vya Mlima Kenya ni vyembamba na vichaka vimevifunika, kwa hiyo futi 8 zinatosha. Kabla ya kulipa, iunge yote uone kama viungio vinacheza. Kisha pitisha pamba katika kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa, nayo itaukwangua mshipi wako mpya.

Rili isikuumize kichwa. Kwa samaki wa vijito hivyo, kazi yake kubwa ni kutunza mshipi, basi chukua ya bei nafuu isiyokwama. Nzi nao, kumbuka unaishi katika nchi inayofunga nzi kwa mikono na kuwauza Ulaya na Marekani. Mtafute fundi anayewafunga ununue kwake. Chukua aina tatu au nne tu, lakini kila aina wengi, maana miti itakula wengi kuliko samaki.

Suruali ya mpira ya kuingilia majini na koti lenye mifuko kumi vingoje. Usibane pesa kwenye miwani, kwa kuwa ndoana itapita karibu na macho yako siku nzima, wala kwenye leseni ya uvuvi.

Na hiyo haya uliyo nayo? Trauti waliingizwa mto Gura mwaka 1905, na fimbo za kaboni zilikuja kuenea miaka ya 1970. Miaka hiyo katikati watu walivua kwa fimbo za mwanzi, kisha za nyuzi za kioo, na samaki hawakulalamika. Rafiki zako wanaokuazima fimbo bila kinyongo hawangojei uwaonyeshe risiti.

Andika orodha yako, jumla isivuke 20,000, umsomee mama watoto kabla ya kupanda matatu. Chenji ikibaki, ni yake.