Habari Isikikayo kwa Kiswahili na Kusomwa kwa Kiingereza: Runinga, Tovuti na Msomaji wa Mpakani

Makala haya yanadadisi jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hulipita kila siku bila kulitilia maanani. Saa moja usiku, katika mikahawa ya Malaba na Busia hadi huku Busibwabo, runinga ya Citizen hutangaza Nipashe kwa Kiswahili. Mkhayo, Mteso na dereva wa trela atokaye Kampala husikiliza pamoja na kubishana pamoja. Lakini msikilizaji huyo akiitafuta taarifa ile ile kwa simu katika tovuti ya kituo hicho, Citizen Digital, ataikuta kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza. Kituo ni kimoja. Kinazungumza Kiswahili na kuandika Kiingereza.

Wengi husema hilo ni suala la matangazo ya biashara. Pengine. Hata hivyo, tunadai kwamba ipo pia sababu ya kiisimu. Habari ya runinga huegemea picha, na Kiswahili chake hujaa viashiria. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: “Malori haya yamekwama hapa tangu juzi.” Mbele ya kamera imekamilika. Iweke kwenye ukurasa, nayo inapoteza maana: malori yapi, wapi, juzi ya lini? Mwandishi wa tovuti atalazimika kusema: “Malori yaliyokuwa yakielekea Uganda yamekwama Malaba tangu Jumatatu.” Kirejeshi kimetwaa kazi ya kiashiria, na jina la mahali limetwaa kazi ya kamera. Hivyo basi kunakili maneno ya mtangazaji hakutoshi. Anahitajika mhariri aliyefunzwa Kiswahili cha kuandikwa.

Kwamba kazi hiyo yawezekana hakuna shaka. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kwa redio mwaka 1957, ilikuwa na tovuti ya Kiswahili kabla hata ya kuanzisha Dira ya Dunia ya runinga mwaka 2012. Inachekesha kidogo, na kuudhi pia, kwamba London ilitutangulia.

Huku mpakani pengo hili si la nadharia. Mnamo Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wapimwe Covid-19 kwa malipo, foleni ya malori upande wa Malaba ilirefuka makumi ya kilomita. Aliyekuwa kwenye foleni hakuwa na runinga. Alikuwa na simu. Hali kadhalika, tarehe 30 Januari 2018 serikali ya Kenya ilipozima matangazo ya Citizen, NTV na KTN, vituo hivyo viliendelea kurusha habari kupitia intaneti. Mwenye kifurushi kidogo cha data hawezi kutazama video. Husoma maandishi, na maandishi hayo ni ya Kiingereza. (Neno moja tu la kwetu hupenya humo bila viza: boda boda, linaloaminika kuzaliwa hapa hapa Busia.)

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi wa Tororo atatafuta cha kusoma.

Tunapendekeza zoezi kwa wanachama: nakili dakika tano za taarifa ya saa moja, kisha uiandike upya kwa ajili ya mtu asiyeona picha. Anza na viashiria.