Padre, nikikataa "chai" ofisini nimemhubiria nani?

Tangu Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, atangazwe mwenyeheri jijini Roma tarehe 15 Juni 2025, wasomaji wetu wamekuwa wakiuliza juu ya Mkristo na mfano wake mbele za watu. Padre mlezi wa walei anajibu.

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nasikia kijana huyu aliuawa kwa sababu ya mchele. Mchele na imani wapi na wapi?

Milele na milele, amina. Floribert alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Ukaletwa mchele ulioharibika, akaahidiwa pesa aupitishe. Alimuuliza sista mmoja, daktari, chakula kile kingewadhuru vipi watakaokila. Hapo ndipo imani ilipo. Alimwaza mlaji asiyemjua, mtoto wa mtu ambaye angepakuliwa wali ule jioni bila habari. Akakataa. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, akateswa na kuuawa akiwa na miaka 26. Kanisa limemhesabu mfiadini, kwa sababu kilichomfanya akatae ni Injili.

Mimi si wa kufa shahidi, nina watoto watatu. Nataka tu wenzangu waone wema kwangu. Nianzie wapi?

Anzia mbali na mpaka, kama alivyoanza yeye. Floribert alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki iliyoanzishwa Roma mwaka 1968. Pale Goma, jumuiya hiyo ina Shule ya Amani kwa ajili ya watoto wa mitaani, na yeye alikuwa rafiki wa watoto hao. Mimi naona ujasiri wake ulilelewa pale. Aliyezoea kumwita mtoto wa mtaani mdogo wangu hupata shida sana kuuza afya ya mtoto huyo kwa bahasha. Tena hakuwa peke yake, alisali na wenzake. Kama huna watu wa kusali nao, tafuta kwanza jumuiya yako ndogondogo, hata kama vikao vyake vinachelewa kuanza (na vinachelewa, najua).

Katika Mathayo sura ya 5 Yesu anataka matendo yetu mema yaonekane. Sura ya 6 anatuonya tusiyafanye ili tutazamwe. Tushike lipi?

Yote mawili. Tazama sifa zinaishia kwa nani. Sura ya 5 zinakwenda kwa Baba wa mbinguni. Sura ya 6 zinabaki kwa mtoaji. Ukimlipia jirani ada ya shule, kisha ukapiga picha naye akiwa ameshika risiti, umeshajibu swali lako mwenyewe. Lakini kazi ya haki kaunta haihitaji kufichwa. Watu wataiona tu. Kwa upande mwingine, tunazo daladala zilizoandikwa jina la Yesu kioo kizima, na bado zinakatisha ruti na kuwashusha wanafunzi njiani. Abiria wanasoma vyote viwili, kioo na dereva.

Ofisini wananiita mlokole. Hawanialiki tena kwenye chakula cha mchana. Huu si mfano, ni kutengwa.

Jichunguze ulikataaje. Kuna kukataa pesa, na kuna kumwaibisha aliyekupa mbele ya watu. La pili halimbadilishi mtu. Sema hapana kwa maneno machache, faragha ikiwezekana, kisha kesho yake mjulie hali mgonjwa wake. Kama hawakualiki, alika wewe. Akifiwa mmoja wao, fika msibani mapema na ukae hadi vyombo vioshwe. Baada ya hayo wakiendelea kukutenga, basi. Yesu mwenyewe hakupendwa na wote.

Bosi wangu ndiye anayetaka nisaini mzigo ambao haujakaguliwa. Jumatatu nifanyeje?

Usisaini usichokiona. Mwombe kwa adabu agizo hilo aliandike, maana wengi huishia hapo. Weka nakala ya kila karatasi, na mweleze mwenzi wako nyumbani kabla ya Jumatatu, kwa kuwa mshahara ukikatika mtaumia wote. Ukiwa Tanzania, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Na ukiona dalili za vitisho, usikae nazo moyoni kwa kudhani ndiyo imani. Njoo parokiani siku hiyohiyo, mchana au usiku.