Sajili ya Baa ya Mtaani: Lugha, Mazingira na Imani ya Mteja

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimujamii nchini Kenya hukutana mapema na sajili za mahakamani, hospitalini, sokoni na hotelini. Sajili ya baani, inapotajwa, hufafanuliwa kwa haraka: kwamba ni lugha ya walevi, imejaa matusi na haina mpangilio. Maelezo haya hayatoshi. Mlevi ni mmoja tu miongoni mwa watumiaji wa sajili hii. Wapo pia mhudumu, mtunza kaunta, mchoma nyama na mteja aliyeketi na chupa moja jioni nzima. Makala haya yanachunguza lugha ya baa ndogo za mitaani, hasa katika makazi ya watu wa kipato cha chini jijini Nairobi. Hoja kuu ni kwamba sajili hii ni lugha ya kujenga imani baina ya watu wasio na mkataba wowote wa maandishi. Imani hiyo inapoambatana na ithibati inayoonekana, humlinda mteja; inaposimama juu ya maneno matupu, huweza kumuua.

Maana ya sajili

Mwanaisimu M.A.K. Halliday alieleza kwamba sajili hutambulika kwa mambo matatu: shughuli inayoendelea, uhusiano wa washiriki, na njia inayotumiwa kuwasiliana. Kwa mujibu wa mtazamo huu, shughuli ya baani si unywaji peke yake. Kuna kuuza na kununua, kutazama kandanda, kupashana habari za kazi na kutafuta wenzi wa kuongea nao. Mwanasosholojia Ray Oldenburg, katika kitabu chake cha mwaka 1989, aliyaita maeneo ya aina hii mahali pa tatu, yaani pasipo nyumbani wala kazini, ambapo mtu hukubalika bila kuulizwa cheo chake.

Mazingira na athari yake kwa lugha

Aghalabu kaunta ya baa ya mtaani huzungushiwa nondo au wavu wa chuma, kukiachwa tundu dogo la kupitishia pesa na chupa. Viti ni vya plastiki, na televisheni huning'inizwa karibu na dari. Nje pana bucha yenye jiko la nyama choma au mtu anayekata mutura juu ya ubao. Muziki wa rumba na benga huchezwa kwa sauti ya juu, na mwishoni mwa juma baadhi ya baa humwalika mpiga gitaa wa mugithi.

Mazingira haya yana athari za moja kwa moja. Kelele hulazimisha sentensi ziwe fupi na kuipa ishara ya mkono uzito wa neno: kidole kimoja kikiinuliwa, mhudumu anajua ni chupa moja zaidi. Wavu nao husema jambo hata kabla ya mteja kufungua kinywa, kwamba hapa hatuaminiani kikamilifu. Kwa hiyo lugha ndiyo hupewa kazi ya kuziba pengo lililoachwa na chuma. Tazama kielelezo hiki cha kubuni:

Mhudumu: Karibu, mkubwa. Nikuletee nini?
Mteja: Ile ya kawaida.
Mhudumu: Baridi ama moto?
Mteja: Moto. Na ufungulie hapa.
Mhudumu: Na huyu rafiki yako?
Mteja: Mpe kikombe cha kegi. Raundi hii ni yangu.
Mhudumu: Pesa ni mkononi ama unatuma?
Mteja: Nimetuma. Angalia kama imeingia.
Mhudumu: Imeingia, mkubwa.

Uchambuzi wa sifa

Kwanza, kuna msamiati uliogeuzwa maana. Bia "moto" haijapashwa joto; ni ile isiyotiwa kwenye jokofu. "Ile ya kawaida" ni kauli ambayo mgeni hawezi kuitumia, maadamu inategemea kumbukumbu ya mhudumu. Mteja anayeitamka anadai uanachama, na mhudumu anayeielewa anauthibitisha. "Raundi" nayo ni zaidi ya idadi ya vinywaji: anayeinunua ameweka akiba, na anayeinywa amepokea deni ambalo halijaandikwa popote. Mtu anayekunywa raundi za wenziwe bila kununua yake hupoteza heshima, hata kama hakuna atakayemkemea waziwazi.

Pili, sajili hii huathiriwa na matukio ya umma. Bia ya Senator ilipoingia sokoni mwaka 2004 kwa bei nafuu ili kushindana na pombe haramu, wanywaji waliipa jina la utani "Obama", kwa kuwa Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta nchini Marekani mwaka uo huo. Kadhalika, malipo kwa simu, yaliyoanza na M-Pesa mwaka 2007, yameongeza maneno "imeingia" na "haijaingia", ambayo sasa humaliza au huanzisha ugomvi.

Tatu, kuna viitikio vya heshima. Mjenzi aliyeshinda akiamrishwa na msimamizi wake huitwa "mkubwa", "mheshimiwa" au "daktari" anapoketi. Heshima hii ni sehemu ya kile anachokinunua. Hata hivyo, haigawanywi kwa usawa. Mhudumu wa kike, ambaye ndiye huitoa, mara nyingi huitwa kwa mluzi, kwa kugonga chupa mezani au kwa majina ya kumsifu maumbile. Baadhi ya wahudumu hujihami kwa lugha hiyo hiyo: humwita msumbufu "baba" au "mzee", jina ambalo kwa sura ni la adabu ilhali linamkumbusha umri na staha yake. Hapa tunaona kuwa adabu huweza kuwa silaha ya mnyonge.

Imani, ithibati na tafsida

Katika kielelezo, kauli "ufungulie hapa" ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Kifuniko kinapong'olewa mbele ya mteja, anahakikishiwa kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Hofu hii ina msingi. Katika Sheng, "kuwekewa mchele" ni kutiliwa dawa ya kupumbaza katika kinywaji ili mtu aibiwe. Nomino ya chakula cha kila siku imegeuzwa kuwa onyo, nalo husaidia kwa sababu huitaja hatari na kumfunza mteja asiache glasi yake bila mlinzi.

Tafsida za pombe haramu hufanya kinyume. Chang'aa imeitwa "machozi ya simba" na "kumi kumi", na mwuzaji wake huitwa "mama pima". Jina hili linaleta picha ya mzazi na ya kipimo cha haki, ilhali kinachopimwa ni ujazo tu. Kilichomo hakipimwi na yeyote. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walifariki jijini Nairobi, wengi wao katika eneo la Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka.

Methanoli haina rangi, na ulimi hauwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki inayodhuru mshipa wa macho, na dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Hapa sajili inakuwa hatari kwa njia nyingine: mtu anayelalamika kuwa haoni vyema huambiwa "umelewa tu", ilhali anahitaji hospitali.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilihalalisha chang'aa kwa sharti kwamba ifungashwe na kuwekewa lebo. Kwa maneno mengine, ilitaka ithibati ichukue nafasi ya jina tamu. Vifo havikukoma: mnamo Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu na Kiambu, na Februari 2024 wengine zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga. Penye uhusiano wa karibu, kuuliza "hii imetengenezwa na nini?" huchukuliwa kuwa tusi kwa mwenyeji. Hivyo swali linalohitajika zaidi ndilo lisiloulizwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba sajili ya baa ya mtaani ina mpangilio, adabu na kanuni zake. Humpa mteja jina, kumbukumbu na wenzi. Lakini pia humnyima mhudumu heshima anayoitoa, na hufunika sumu kwa majina ya mapenzi. Mwalimu anayeifundisha kama mkusanyiko wa matusi humnyima mwanafunzi nafasi ya kuona jinsi lugha inavyolinda uhai au kuuhatarisha. Ni muhali kwa kampeni yoyote dhidi ya pombe haramu kufaulu ikiwa inazungumza lugha ya mabango pekee. Wanywaji tayari wanayo kauli yao, "ufungulie hapa". Kinachohitajika ni kauli hiyo kuhamia kwenye kikombe na kipimo, ili kuuliza kusiwe tena kukosa adabu.