Mzee Akitoka Hospitali, Alishwe Nini?

Mzee akitoka hospitali, furaha huingia nyumbani pamoja naye. Majirani huja kumpa pole, wajukuu humzunguka, na wengi husema, "Tumshukuru Mungu, amepona." Kushukuru ni haki. Lakini neno hilo "amepona" twaomba lisitamkwe upesi mno. Daktari amemruhusu kwa kuwa ugonjwa umeshindwa; nguvu alizonyang'anywa na ugonjwa bado hazijarudi. Kuzirudisha ni kazi ya nyumbani, nayo huanzia jikoni.

Tuchukue mfano wa Nalasi, kusini mwa Mkoa wa Ruvuma. Mtu wa Nalasi aliyelazwa Peramiho au Songea mjini, arudipo kwao hupitia Namtumbo na Tunduru, kisha hushika njia iendayo upande wa Mto Ruvuma. Kutoka Songea hadi Tunduru peke yake ni zaidi ya kilomita 250. Basi yampasa kila mwenye mzee huko ajiulize: akidhoofika tena baada ya majuma mawili, nauli itatoka wapi, na mwili wake utastahimilije safari hiyo mara ya pili?

Yafaa tujue kwanza sababu ya udhaifu huo. Kitanda chenyewe hula misuli ya mtu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2007 nchini Marekani, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, nao walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Je, mzee mwenye homa ya mapafu, au aliyepasuliwa, asiyetamani chakula, atapoteza kiasi gani? Kijana hurudishiwa misuli yake upesi. Mzee huirudisha kwa taabu. Kwa hiyo mzee aliyeingia hospitali akitembea huweza kurudi akishikwa mkono, naye akianguka na kuvunjika nyonga, huwa ameanza ugonjwa mwingine.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Twadhani mgonjwa hufaa uji mwepesi, tena kidogo, maana "mzee hali sana". Uji ule ni maji kwa sehemu kubwa. Mzee hunywa kikombe kimoja, husema, "Nimeshiba, mwanangu," nasi twaondoa kikombe. Kumbe tumbo limejaa maji, na mwili una njaa. Wazee wetu walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mzee mwenyewe, kwa kutotaka kuwasumbua watoto wake, mara nyingi hatasema.

Wataalamu wa lishe hushauri kwamba mzee atokaye katika ugonjwa apate kila siku gramu 1.2 hadi 1.5 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 50 ahitaji basi gramu 60 hadi 75. Hesabu hiyo yaweza kutimia bila kuchinja mbuzi. Mayai mawili yana gramu 12 hivi. Konzi ya karanga, kama gramu 30, ina gramu 7. Kikombe cha maharage au mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 13. Dagaa wakavu gramu 20, kama wale wa Ziwa Nyasa wauzwao sokoni Songea, wana kama gramu 12. Ugali wa siku nzima, wa unga gramu 200, una kama gramu 16. Jumla ni gramu 60. Vitu hivi vingi hupatikana shambani au gengeni. Kinachokosekana mara nyingi ni kukumbuka kumpa mzee kwanza.

Namna ya kumpa pia ina maana yake. Asiletewe sahani kubwa mara mbili kwa siku, bali chakula kidogo mara tano au sita. Haba na haba hujaza kibaba. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizotwangwa au korosho, na kijiko cha mafuta. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, maana zina sumu. Asiye na meno apondewe maharage, asagiwe dagaa, apikiwe kisamvu kilichotwangwa vizuri. Asinyimwe chakula kigumu bila kupewa badala yake. Apewe maji hata kama haombi, kwa kuwa kiu hupungua uzeeni. Akae wima anapokula. Na akipaliwa kila mara, zahanati ielezwe.

Tena asile peke yake chumbani. Mjukuu akae naye kwenye mkeka, ale naye na kuzungumza naye. Baada ya kula asimame, azunguke ua hatua chache, aongeze kila siku kwa kadiri awezavyo. Maana chakula hujenga misuli pale inapotumika.

Lakini shauri hili lina mipaka. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au moyo afuate maagizo ya daktari wake kwanza. Aliyekaa siku nyingi karibu bila kula aanzishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi wa mganga, kwa sababu chakula kingi cha ghafla chaweza kumdhuru. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka hospitali, anayemwuguza aulize haya: chakula gani kimekatazwa? Dawa zipi hunywewa pamoja na chakula, zipi kabla? Uzito wake leo ni kilo ngapi? Majibu yaandikwe. Kila juma mzee apimwe zahanati, ikiwezekana. Mwenye kilo 50 akipungua kilo mbili na nusu katika mwezi mmoja, asingojewe; vivyo hivyo akikataa chakula siku mbili, akivimba miguu, au akianza kuchanganyikiwa.

Mwisho twasema na majirani. Wako wazee waishio na mjukuu wa miaka kumi, au peke yao kabisa, watoto wao wakiwa mbali mjini. Mzee wa namna hiyo hawezi kujipikia mara tano kwa siku. Nyumba tano zikigawana kazi, kila moja ikipeleka bakuli moja, siku yake imetimia, wala hakuna nyumba iliyoelemewa. Pole tunayompelekea ni njema. Tuipeleke pamoja na bakuli la uji mzito, tukae naye mpaka alimalize, na juma lijalo tufike tena.