HESABU KABLA YA WAYA: SOMO LA KIHISI CHA SUMAKU

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Sisi wanafunzi wanne wa kidato cha tatu tuliyaona hayo kwa macho yetu wenyewe. Tulitaka kutengeneza kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu la baiskeli. Tukachanga pesa, tukanunua kihisi cha sumaku, tukaunganisha nyaya, tukakisogezea sumaku. Lahaula! Mshale wa voltmita haukutikisika hata kidogo. "Hiki kimekufa bwana," akasema mmoja wetu, nasi tukakitupa jaani. Kumbe kilikuwa kizima!

Je, kihisi hiki hufanyaje kazi? Mnamo mwaka wa 1879, Edwin Hall, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipitisha mkondo wa umeme katika utando mwembamba wa dhahabu uliowekwa ndani ya uga wa sumaku. Uga huo husukuma elektroni upande mmoja, mithili ya abiria wa matatu wanavyolaliana dereva akikata kona. Upande mmoja ukijaa, volti ndogo huzuka kati ya kingo mbili za utando. Volti hiyo ndiyo ishara yetu, na kanuni yake ni hii:

V = (I × B) ÷ (n × e × t)

I ni mkondo, B ni nguvu ya uga, n ni idadi ya elektroni huru katika mita moja ya ujazo, e ni chaji ya elektroni moja, na t ni unene. Tazama vizuri: n iko chini. Elektroni zikiwa nyingi, ishara hupungua. Shaba ina elektroni huru kama 8.5 × 10²⁸, kwa hivyo haifai hapa ingawa hupitisha umeme vyema. Ndiyo maana vihisi hutengenezwa kwa semikondakta.

Hebu sasa tupige hesabu. Chukua semikondakta yenye n ya 10²² na unene wa milimita 0.1. Chaji e ni 1.6 × 10⁻¹⁹, basi n × e × t ni 0.16. Mkondo ukiwa ampea 0.001 na sumaku ikiwa ya tesla 0.1, tunapata volti 0.0006 hivi. Voltmita yetu ya shule haioni chochote chini ya volti 0.1. Tungeona nini basi?

Tulipojua hayo, tulichanga tena, tukanunua kihisi kingine pamoja na amplifaya ya kukuza ishara mara 1000. Tulitarajia volti 0.6. Lakini hata kabla ya kuleta sumaku, mita ilisoma volti 2! Mara hii hatukutupa kitu. Vituo viwili vya kupimia aghalabu havikabiliani sawasawa, hivyo kihisi hutoa volti kidogo hata bila sumaku, na amplifaya huikuza pia. Hilo tuliite kosa la sifuri, nalo sharti liingie katika hesabu:

Usomaji = 1000 × (V + kosa)

Dawa yake ni rahisi. Tulipima sumaku ikielekea huku, tukapata 2.6. Tukaigeuza, tukapata 1.4. Toa, kisha gawanya kwa 2: jibu ni 0.6, vile vile hesabu ilivyotabiri. Ishara hugeuka pamoja na sumaku, kosa halibadiliki.

Wenzangu, kalamu na karatasi ni bei rahisi kuliko kihisi. Kabla ya kusema kifaa kimeharibika, kwanza uliza kilipaswa kutoa nini.

Zoezi: Uga wa dunia hapa Nairobi ni kama tesla 0.000033. Kihisi chetu kingetoa volti ngapi? Ungeikuza mara ngapi ili voltmita ya shule iione, na lile kosa la sifuri lingekuwa kubwa kiasi gani?