Kuuandaa Mwili kwa Kazi ya Joto

Turiani, katika Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, iko chini ya milima ya Nguru. Mito ishukayo kutoka milima hiyo hulowesha bonde lenye mashamba ya miwa ya Mtibwa, na hewa ya bonde hilo mara nyingi huwa nzito kwa unyevu. Kila mwaka, mvua za masika zikiisha, msimu wa kukata miwa huanza, na vijana kutoka mikoa mbalimbali hufika kutafuta kibarua. Baadhi yao hutoka mahali pa baridi kama Njombe, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800. Shamba huchomwa moto kwanza ili majani makavu yateketee. Kisha mkataji huingia na panga, juani, akiwa amevaa nguo ndefu za kumkinga na masizi. Mwezi wa Juni na Julai hewa huwa poa kiasi, lakini joto huongezeka kadiri Oktoba na Novemba zinavyokaribia.

Swali la makala haya ni moja: kwa nini kijana mwenye nguvu na afya njema huweza kuanguka siku ya kwanza au ya pili ya kazi, ilhali mtu wa makamo, mwembamba, aliyekwisha fanya kazi hiyo kwa wiki tatu, huimaliza siku bila taabu? Jibu lake halimo katika ushujaa. Limo katika namna mwili unavyozalisha joto, unavyolitoa, na unavyojifunza kulitoa vizuri zaidi.

Mwili huzalisha joto

Halijoto ya ndani ya mwili wa binadamu hukaa karibu na nyuzi 37 za Sentigredi. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nishati itokanayo na chakula, ambayo kwa kawaida haizidi robo, ndiyo igeukayo kuwa kazi. Iliyobaki hugeuka kuwa joto.

Chukua mfano wa mkataji mwenye uzito wa kilo 60, ambaye mwili wake unazalisha joto kwa kiwango cha wati 400. Kwa saa moja, yaani sekunde 3,600, atazalisha:

400 × 3,600 = juli 1,440,000, au kilojuli 1,440.

Ili kilo 1 ya mwili ipande kwa nyuzi 1, huhitajiwa kiasi cha kilojuli 3.5. Kwa kilo 60, basi, huhitajiwa kilojuli 210. Kama joto lote lingebaki mwilini, halijoto ingepanda kwa 1,440 ÷ 210, yaani karibu nyuzi 7, kutoka 37 hadi 44. Hakuna atarajiwaye kupona akifikia hapo. Hatari kubwa huanza mapema zaidi, halijoto ya ndani inapofika nyuzi 40 hivi. Kwa hiyo, tangu panga linapoinuliwa mara ya kwanza, mwili hauna budi kulitoa joto nje.

Kazi ya jasho

Hewa ikiwa baridi, joto hutoka kwenye ngozi na kwenda hewani bila shida. Hewa ikiwa na joto linalokaribia lile la ngozi, njia hiyo hufungwa, na njia kuu inayobaki ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka tu. Hupoza linapogeuka kuwa mvuke, kwa sababu maji huhitaji joto ili yawe mvuke, na joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye ngozi. Lita 1 ya jasho ikigeuka mvuke yote huondoa kiasi cha kilojuli 2,400. Mkataji wetu, basi, anahitaji lita 1,440 ÷ 2,400, yaani lita 0.6 za jasho kwa saa, ili kuliondoa joto lake lote. Nusu ya jasho ikidondoka chini bila kuwa mvuke, itambidi atoe lita 1.2.

Hapa ndipo unyevu wa hewa unapoonekana kuwa adui. Hewa iliyokwisha jaa mvuke haipokei mvuke mwingine kwa urahisi. Jasho hutiririka na kudondoka, maji ya mwili hupotea, na ngozi haipoi. Ndiyo maana nyuzi 32 za bondeni zaweza kuchosha kuliko nyuzi 36 za mahali pakavu.

Jaribio. Mwalimu atafute vipimajoto viwili. Balbu ya kimoja izungushiwe kitambaa chembamba cha pamba kilicholoweshwa maji. Cha pili kiachwe kikavu. Vyote vipepewe kwa daftari kwa dakika tano, kisha visomwe. Jaribio lirudiwe siku kavu na siku baada ya mvua. Wanafunzi wataona kwamba tofauti ya vipimo viwili hupungua hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Tofauti hiyo ndiyo nafasi iliyobaki kwa jasho kufanya kazi yake.

Mwili hujifunza

Mtu anapofanya kazi katika joto siku hadi siku, mwili wake hubadilika. Katika siku chache za mwanzo, sehemu ya maji ya damu, iitwayo plazima, huongezeka. Moyo hupata damu ya kutosha kuipeleka kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, na mapigo yake hupungua kwa kazi ile ile. Jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Tezi za jasho nazo hujifunza kuirudisha chumvi mwilini, hivyo jasho la aliyezoea huwa na chumvi kidogo kuliko la mgeni. Mabadiliko haya huhitaji kati ya siku 7 na 14. Mtu akikaa mbali na joto kwa wiki chache, hupotea karibu yote, na huhitaji kuanza upya.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, miamba ilinyunyiziwa maji ili kupunguza vumbi, na hewa ya chini ikawa ya joto na unyevu. Katika miaka ya 1920 wachimbaji walianza kufa kwa joto. Baadaye, wageni walizoeshwa kwanza kwa kazi iliyopimwa, siku kadhaa mfululizo, kabla ya kupewa kazi kamili. Miongoni mwa waliokwenda katika migodi hiyo walikuwamo vijana wa Tanganyika, hasa wa nyanda za juu za kusini.

Katika miji mingi ya dunia leo kuna watu wanaoingia katika joto kwa hiari. Yoga ya chumba chenye joto, iliyoenezwa nchini Marekani tangu miaka ya 1970 na Bikram Choudhury kutoka India, hufanywa kwa dakika 90 katika chumba cha nyuzi 40 hivi. Mgeni wa mazoezi hayo huambiwa anywe maji mapema, avae nguo nyepesi, asiingie akiwa ameshiba sana, na aketi mara aonapo kizunguzungu. Ushauri huo wamfaa pia mchezaji wa mpira atokaye mahali pa baridi kuja kucheza katika uwanja wa Manungu. Tofauti ni kwamba mwenye yoga aweza kutoka chumbani atakapo. Mkataji wa miwa alipwaye kwa kipande hujiona hana ruhusa hiyo.

Kanuni za siku za mwanzo

Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa afya kazini ni rahisi. Mgeni apewe asilimia 20 tu ya kazi ya kawaida katika joto siku ya kwanza, na aongezewe si zaidi ya asilimia 20 kila siku. Aliyekwisha zoea, lakini amekaa mbali kwa muda, aanze na asilimia 50. Zaidi ya hayo:

1. Maji yanywewe kidogo kidogo, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kungojea kiu. Yasizidi lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno huifanya chumvi ya damu ipungue kupita kiasi.
2. Chumvi iliyomo katika chakula cha kawaida hutosha, mradi mtu amekula.
3. Mapumziko yawe kivulini, na yaanze kabla ya mtu kuchoka.
4. Mwenye homa, anayeharisha au aliyekunywa pombe usiku asianze kazi siku hiyo.
5. Mkojo uchunguzwe. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unaishiwa maji.

Kanuni hizi hulinda pia miaka ijayo. Huko Nicaragua na El Salvador, wakataji wengi wa miwa, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamepata ugonjwa sugu wa figo. Watafiti wengi wanaamini kwamba kazi nzito katika joto, pamoja na kupungukiwa na maji mara kwa mara, ni miongoni mwa sababu zake kuu.

Mtu akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka, kusema ovyo au kuzimia katika joto, hiyo ni hali ya kufisha, hata kama bado anatoka jasho. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za nje, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Msimamizi amwonapo mgeni akiketi mapema siku ya kwanza, asimwite mvivu. Siku saba za subira humpatia mfanyakazi wa msimu mzima. Na kijana aliyetoka kwao mzima hurudi kwao mzima.

Maswali

1. Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50 anakimbia, na mwili wake unazalisha joto la wati 350. Ni lita ngapi za jasho zigeuke mvuke kwa saa moja ili halijoto yake isipande?
2. Kwa nini kulifuta jasho mara kwa mara kwa kitambaa hupunguza kupoa kwa mwili?
3. Kazi kamili ya siku ni kukata mistari 10. Tayarisha ratiba ya siku tano kwa mgeni, na nyingine kwa mtu aliyerudi baada ya mwezi mmoja.
4. Shule yako inaandaa mashindano ya mbio saa nane mchana. Andika barua fupi kwa mkuu wa shule, ukitumia hoja za makala haya, kupendekeza saa nyingine.